Chupa ya shamari, vidonge vya damu na mtoto anayelia kila magharibi

"Shikamoo dada. Nina miaka 24 na mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ametimiza wiki sita. Alizaliwa na kilo 3.1, juzi kliniki amepimwa kilo 4.4. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kunitunza, na amekuja na mfuko mzima wa shamari. Kila asubuhi ananichemshia chupa ya chai ya lita mbili, naimaliza mpaka jioni, anasema ndiyo inayoleta maziwa. Kliniki nilipimwa damu nikaambiwa ni 9.8, nikapewa vidonge, lakini vinanifunga choo na kunitia kichefuchefu. Nikaona video inasema shamari ina madini ya chuma kuliko nyama na kalsiamu kuliko maziwa, basi vidonge nimeviacha, hii wiki ya pili. Mtoto naye analia kila siku kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, anakunja miguu, tumbo gumu. Mama mkwe anataka tumpe vijiko viwili vya maji ya shamari. Mume wangu kaleta kichupa cha mafuta ya shamari, anasema tone moja linatosha. Mimi naogopa, na sitaki kumvunjia heshima mama. Shamari ina faida kweli? Na mtoto tumpe?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa mtoto. Najua unasoma haya ukiwa na usingizi, kwa hiyo nitaanza na majibu, maelezo yatafuata. Mtoto asipewe maji ya shamari, na kile kichupa cha mafuta kiondoke kabisa karibu naye. Vidonge vya damu virudi leo, si kesho. Chai yako ya shamari huna haja ya kuiacha, ila lita mbili ni nyingi mno. Kikombe kimoja au viwili vinatosha, tena kwa siku chache tu, pale tumbo linapokusumbua.

Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya duka la dawa, na shamari huulizwa sana, hasa na wazazi wapya. Naipenda. Nyumbani kwetu haikukosekana kwenye kopo. Nakujibu kama mtu anayeitumia na anayejua inafika wapi na inaishia wapi.

Kwanza hakikisha kilichomo mfukoni ni shamari kweli, kwa sababu majina ya viungo vyetu huhama kutoka soko hadi soko. Wengine huiita bizari tamu, na maduka ya Wahindi huiuza kwa jina la saunf. Mwingine ukimwambia bizari anakupa bizari nyembamba, ile ya pilau. Zote ni za ukoo mmoja, pamoja na giligilani, karoti na kisibiti, ndiyo maana zinafanana sura. Shika punje chache uzitazame. Shamari ni nene kuliko bizari ya pilau, rangi yake huelekea kijani, ina mistari iliyoinuka kwa urefu, na ukiitafuna inatoa utamu unaobaki ulimini. Bizari ya pilau ni nyembamba, ya kahawia, na ina ukali na uchungu kidogo. Ndizo hizo hizo shamari zinazowekwa kwenye kibakuli karibu na mahali pa kulipia katika mikahawa ya Kihindi, nyingine zimepakwa sukari ya rangi rangi, watu wakimaliza biriani wanachota kidogo wanatafuna. India ndiyo inayoongoza duniani kwa kuilima, hasa Gujarat na Rajasthan, lakini mmea wenyewe asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania.

Sasa ile video. Nataka nikuoneshe jambo, kwa sababu aliyeitengeneza hakusema uongo kwenye tarakimu. Gramu 100 za shamari zina miligramu 18.5 hivi za madini ya chuma, na gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina kama miligramu mbili na nusu. Kalsiamu ni karibu miligramu 1,200 kwa gramu 100, wakati maziwa ya ng'ombe yana kama 115 hadi 120 kwa uzito huo huo. Nyuzinyuzi ni karibu gramu 40. Ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba hakuna anayekula gramu 100 za shamari. Kijiko cha chai cha shamari kina uzito wa gramu mbili tu. Ukikigawanya, unapata chuma miligramu 0.37 na kalsiamu miligramu 24. Kikombe kikubwa cha maziwa kinakupa kalsiamu kama 300, yaani ungehitaji vijiko kumi na viwili kukifikia, na uvitafune vyote uvimeze. Kidonge cha kawaida cha kuongeza damu kina takriban miligramu 60 za chuma. Kukilinganisha na shamari ni vijiko mia moja na sitini. Kwa siku moja.

Na wewe huli mbegu, unakunywa maji yake. Chemsha shamari, chuja, kisha tazama kilichobaki kwenye chujio. Nyuzinyuzi zote zimebaki pale, protini imebaki pale, na sehemu kubwa ya madini imebaki pale. Chuma kinachotoka kwenye mimea nacho mwili hukichukua kwa shida, sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu, tofauti na kile cha nyama, samaki na maini. Kwa hiyo chupa ya lita mbili haiwezi kufanya kazi ya kidonge kimoja, hata mama angeongeza mbegu maradufu.

Nalikazia hili kwa sababu 9.8 si namba ya kuachwa hivi hivi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, damu huhesabiwa imetosha ikifika 12. Chini ya 11 tayari ni upungufu wa kadiri, siyo mdogo. Umetoka kujifungua, umepoteza damu, unanyonyesha usiku na mchana. Upungufu huo ndio unaokufanya uhisi kizunguzungu ukisimama, moyo ukimbie ukipanda ngazi, na uchovu ambao hata ukilala hauondoki. Watu watakwambia ni uzazi tu. Huenda ni damu.

Kuhusu kufunga choo na kichefuchefu, hayo ni maudhi ya kweli ya vidonge hivi, na nasikitika kama hukuelezwa mapema. Meza kidonge usiku baada ya chakula kidogo, ndipo ulale. Usikimeze na chai ya rangi wala maziwa, kwa sababu vyote viwili huzuia chuma kisiingie mwilini. Kimeze kwa maji, au kwa juisi ya chungwa au ndimu, maana vitamini C hukisaidia kuingia. Kunywa maji ya kutosha, kula papai na mboga za majani. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni rangi ya chuma kisichotumika. Ukishindwa kabisa, rudi kliniki uwaambie wazi kwamba umevishindwa. Wanaweza kukubadilishia aina au kukupangia namna nyingine ya kuvimeza. Wakiona kadi yako wanadhani unameza, na hapo ndipo mambo huharibika. Na kama mama mkwe anapika supu ya pweza kwa ajili ya maziwa, inywe na pweza mwenyewe umle. Huyo ana chuma cha kweli.

Baada ya kuipunguzia shamari sifa isizostahili, niipe zake.

Fanya jaribio dogo. Twanga kijiko kimoja cha shamari kwenye kinu, itwangike nusu tu, mbegu zipasuke. Weka kwenye kikombe, mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika kwa kisahani. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Ukifunua, geuza kile kisahani utazame chini yake. Utaona matone yameganda. Yanuse. Harufu ile tamu inayopanda puani ni mafuta mepesi ya shamari, yale yanayoruka na mvuke, na ndiyo yanayofanya kazi yote unayoisikia. Usipofunika kikombe, dawa yako imeishia hewani jikoni. Wengi huichemsha sufuriani bila kifuniko nusu saa nzima, kisha wanashangaa haisaidii.

Ndani ya mafuta hayo mna vitu vingi, lakini vitatu vinatosha kwa mazungumzo yetu. Kikubwa ni anetholi, chenye utamu ule. Kwenye shamari tamu kinafika asilimia 80 ya mafuta au zaidi. Cha pili ni fenkoni, chenye uchungu kidogo na harufu inayofanana na kafuri. Cha tatu ni estragoli, hicho nitakirudia.

Anetholi hulegeza misuli laini. Misuli laini ni ile isiyongojea amri yako, iliyozunguka utumbo, mfuko wa uzazi na njia za hewa. Ili msuli ukaze, lazima chembe za kalsiamu ziingie ndani ya seli zake. Anetholi huzuia mlango huo, msuli ukaachia. Tumbo likiwa na gesi, kinachouma si gesi peke yake. Utumbo hukaza mbele na nyuma ya kiputo cha hewa, kama vile mtu ameshika mpira wa maji pande mbili, na hewa haina pa kwenda. Utumbo ukilegea, hewa inapata njia, unacheua au unajamba, maumivu yanatulia. Ndiyo sababu watu wa nchi nyingi zisizofahamiana walifikia desturi moja ya kutafuna mbegu hizi baada ya chakula kizito. Wakala wa Dawa wa Ulaya, ambao hauna haraka ya kusifia miti shamba, unaitambua shamari kwa matumizi ya jadi katika mambo matatu: tumbo kujaa gesi na kusokota kidogo, maumivu madogo ya hedhi, na kikohozi cha mafua chenye makohozi. Kipimo chao kwa mtu mzima ni gramu moja na nusu hadi mbili na nusu kwa robo lita ya maji, mara tatu kwa siku, na isizidi wiki mbili bila kumwona mtaalamu. Robo lita mara tatu ni chini ya lita moja. Wewe uko lita mbili, kila siku, kwa wiki kadhaa. Na kipimo hicho hakikupangwa kwa mama anayenyonyesha. Kwa mama anayenyonyesha hawaipendekezi, kwa kuwa taarifa za usalama wake hazitoshi.

Je, inaleta maziwa? Hapa nitasema polepole kwa sababu najua imani hii ilivyo nzito kwetu, na haikuanza na mama mkwe wako. Maziwa hutengenezwa kwa amri ya homoni iitwayo prolaktini, na hutoka kwa amri ya nyingine iitwayo oksitosini. Mtoto akinyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, zote mbili zikaachiliwa. Lakini titi lenyewe nalo lina kipimo chake: likibaki limejaa, hupunguza utengenezaji, likimalizwa, huongeza. Kwa hiyo kinacholeta maziwa ni mtoto kukaa vizuri kwenye titi, kunyonya mara kwa mara usiku na mchana, na kulimaliza. Kuhusu shamari kuna nadharia kwamba anetholi, kwa jinsi ilivyojengwa, inaweza kuingilia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo kazi yake mojawapo ni kuizuia prolaktini. Ni nadharia yenye mantiki. Ushahidi kwa wanawake wenyewe ni mdogo, na si wa kumfanya mfamasia akwambie kunywa utapata.

Hata hivyo, wanawake wanaosema iliwasaidia hawasemi uongo. Mzazi anapoletewa kinywaji cha moto, akaambiwa kaa chini unywe, mtu mwingine akashika ufagio, moyo unatulia, na oksitosini hutoka vizuri kwa mtu aliyetulia. Mama mkwe anapokuandalia chupa ile anakupa kitu chenye thamani. Thamani yenyewe iko kwake zaidi kuliko kwenye chupa.

Tena wewe hukuniambia kwamba maziwa hayatoshi. Mtoto ameongezeka kilo 1.3 kwa wiki sita. Hiyo ni kazi nzuri ya matiti yako, mdogo wangu. Akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku na mkojo hauna rangi kali, maziwa yapo ya kutosha, usimruhusu mtu akutie wasiwasi.

Kwa nini naihofia lita mbili? Mwaka 1994 madaktari nchini Italia waliandika habari za watoto wawili wachanga, mmoja wa siku 15 na mwingine wa siku 20. Walilegea mwili, wakawa wazito wa usingizi, wakatapika, kilio kikawa dhaifu na kunyonya wakashindwa. Walipopimwa hawakukutwa na maambukizi. Ikagundulika kwamba mama wa watoto wote wawili walikuwa wakinywa zaidi ya lita mbili kwa siku za chai ya mitishamba ya kuongeza maziwa, yenye shamari na mimea mingine mitatu. Wakaambiwa waache chai hiyo na wapumzishe kunyonyesha kwa muda. Ndani ya siku moja na nusu watoto walikuwa wamerudi hali yao. Ni watoto wawili tu, na chai ile ilikuwa mchanganyiko, kwa hiyo siwezi kuitwisha shamari peke yake mzigo huo. Lakini soma tena kiasi, kisha tazama chupa yako.

Na ile estragoli. Panya waliopewa kwa wingi walipata uvimbe wa saratani kwenye ini, kwa sababu ini huigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli. Mwaka 2001 kamati ya wanasayansi wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema ni vyema watu wapunguze kuila. Hii haina maana kwamba pilau au mkate wenye shamari utakuua. Kiasi cha jikoni ni kidogo, na maji hayatoi mafuta yote yaliyomo kwenye mbegu. Maana yake ni kwamba isinywewe kama maji ya kunywa, mwezi baada ya mwezi, na waliopaswa kujihadhari zaidi ni wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo.

Tuje kwa mtoto wako anayelia.

Kilio cha kuanzia magharibi, miguu ikikunjwa, tumbo likikaza, kwa mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito, kinajulikana. Kilio cha watoto wengi huanza kupanda wiki ya pili, kileleni hufika karibu na wiki ya sita, na hushuka chenyewe mwezi wa tatu hadi wa nne. Uko kileleni hasa. Tumbo huonekana gumu kwa sababu analia, akimeza hewa na kukaza misuli. Si kila mara tumbo ndilo chanzo.

Sitakuficha kwamba shamari imejaribiwa kwa watoto wa hali hii. Huko Urusi, matokeo yakichapishwa mwaka 2003, watoto 125 waligawanywa makundi mawili, nusu wakapewa maji yenye mafuta ya shamari na nusu maji yasiyo na kitu. Kilio kilitulia kwa asilimia 65 ya waliopata shamari, na kwa asilimia 24 ya wasiopata. Mtu akikuonesha habari hiyo, ni ya kweli. Basi kwa nini nakataa?

Nakataa kwa sababu waliyopewa watoto wale ilitengenezwa maabara, mafuta yakipimwa kuwa sehemu moja kwa elfu, kila chupa sawa na nyingine. Kikombe cha nyumbani hakina kipimo hicho. Shamari ya mfuko huu na ya mfuko ule hutofautiana mafuta hata mara mbili, na hiyo ni kabla hatujauliza maji yalichemka kiasi gani, kijiko kilioshwa na nini, chujio lilikaa wapi. Mtoto wa wiki sita akipata kuharisha kwa kijiko kichafu, ni hatari kubwa kuliko kilio chote cha magharibi. Halafu tumbo lake ni dogo. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa, na akinyonya pungufu, titi nalo linapunguza. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ndiyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na kwa mazingira yetu nauunga mkono bila kusita. Wakala wa Ulaya niliyemtaja hapo juu hapendekezi chai ya shamari kwa mtoto aliye chini ya miaka minne. Na mazoea haya huwa hayaishii kwenye vijiko viwili. Nchini Uturuki, mwaka 2008, madaktari waliandika habari za wasichana wadogo wanne walioota matiti kabla ya wakati baada ya kunyweshwa chai ya shamari kwa miezi mingi. Iliposimamishwa, matiti yakarudi.

Kichupa cha baba mtoto ni jambo jingine kabisa, zito zaidi. Yale ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke kutoka mbegu nyingi sana. Shamari ina mafuta asilimia mbili hadi sita hivi, kwa hiyo tone moja limebeba nguvu ya mbegu nyingi ambazo hakuna mtu angezitafuna kwa mara moja. Nchini Morocco mwanamke wa miaka 38, mwenye kifafa kilichokuwa kimetulizwa kwa dawa, alikula keki tano au sita zilizotiwa mafuta ya shamari. Alipatwa na degedege la mwili mzima na kupoteza fahamu kwa dakika 45. Huyo ni mtu mzima. Mwambie baba mtoto kwa upole kwamba nia yake nimeiona, ila asimtie mtoto mdomoni, asimpake puani wala kifuani. Hata wewe usinywe.

Jioni ikifika jaribuni haya. Anzeni kabla hajaanza kulia, saa kumi na moja hivi: mnyonyeshe kwenye chumba chenye mwanga hafifu, mcheulishe kwa kumweka begani, katikati ya kunyonya na mwishoni. Kisha mama mkwe amchukue mbelekoni atembee naye, kwa sababu joto la mwili na mwendo humtuliza kuliko kitanda. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wa mtu aliye macho, tumbo likiegemea mkono, mkisugua mgongo polepole. Akilala mrudishe chali. Zungukeni kwa zamu. Ukihisi hasira inakupanda au machozi hayakatiki, mlaze mahali salama, toka nje, vuta pumzi, umwite mtu. Hilo hutokea kwa akina mama wengi sana, na ukiwa unalia wewe mwenyewe siku nyingi mfululizo, mwambie muuguzi wa kliniki. Kuna msaada wa hilo pia.

Kuna kilio ambacho si cha kungojea kipite. Mpeleke kituo cha afya usiku huo huo akiwa na joto la 37.5 au zaidi, au mwili umepoa kuliko kawaida, akikataa titi, akitapika matapishi ya kijani, choo kikiwa na damu, tumbo likijaa na hapati choo wala hewa, utosi ukiwa umevimba au umebonyea, akipumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, akilegea au akitetemeka degedege. Vivyo hivyo uzito ukisimama kwenye kadi, au kilio kikibadilika ghafla kikawa kikali kisichofanana na cha siku zote.

Mengine niliyoulizwa na wengi nayataja kwa ufupi. Presha: shamari ina potasiamu, lakini ndizi mbivu moja inakupa kama vijiko kumi na viwili vya shamari, na dawa za presha haziachwi kwa ajili ya ndizi wala shamari. Kitambi: sijaona sababu ya kuamini. Maumivu ya hedhi: hapo ipo faida, majaribio kadhaa madogo ya Iran yanaonesha inapunguza, ingawa dawa ya maumivu waliyoilinganisha nayo ilikuwa na nguvu zaidi siku ya pili na ya tatu. Mwenye mzio wa karoti au seleri (celery) aianze kwa tahadhari, maana ni ndugu hao. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa ina tabia kidogo ya kufanana na homoni ya kike. Na anayemeza siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, aitenge mbali na chai ya shamari, angalau saa mbili kabla au sita baada: kwa panya shamari ilipunguza karibu nusu ya dawa hiyo iliyoingia mwilini, kwa sababu madini yake huikamata tumboni. Vidonge vyako vya damu navyo huikamata vivyo hivyo, basi ukiandikiwa dawa hiyo siku yoyote mtajie mfamasia kila unachomeza.

Umebaki na mama mkwe. Usimwambie amekosea. Mwambie kliniki wamesema damu yako ni ndogo na unahitaji msaada wake. Mwombe chupa ya lita mbili igeuke kikombe kimoja baada ya chakula cha mchana, siku tumbo linapokusumbua tu, cha shamari iliyotwangwa na kufunikwa, na shamari iliyobaki aiweke kwenye samaki na mikate ya kumimina. Mwombe uji wa asubuhi, maini mara moja au mbili kwa wiki, mchicha wenye ndimu. Mwombe jioni awe yeye wa kubeba. Mwanamke aliyesafiri kutoka Tanga na mfuko wa shamari begani alikuja kufanya kazi, na kazi hiyo ipo tele.

Usiku huu meza kidonge. Ndani ya wiki hii nenda kliniki na kadi zote mbili, yako na ya mtoto, waambie umekatisha vidonge kwa wiki mbili, na uulize tarehe ya kupima damu tena.